Chura wa barazani: tunayomzushia na ukweli wake

Masika yakianza, ukiwasha taa ya barazani tu, anatokea: mnene, rangi ya udongo, mgongo umejaa madoa na vinundu. Anakaa palepale chini ya taa akisubiri wadudu wanaodondoka. Wataalamu humwita Sclerophrys gutturalis, na anapatikana kuanzia Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini.

Watoto huambiwa wakimshika wataota chunjua. Si kweli. Chunjua huletwa na virusi vya HPV, na hivyo tunaambukizana sisi binadamu. Vile vinundu ni tezi. Mbili kubwa zilizo nyuma ya macho hutoa utomvu mweupe wenye sumu akibanwa, lakini hautemi wala hakufuati nao. Mbwa akimng'ata hutokwa na povu na anaweza kuumwa kweli. Wewe ukimgusa, nawa mikono kabla ya kujipangusa macho.

Kinachoniuma zaidi ni chumvi. Watu wanamwagia wakidhani inamfukuza tu. Chura hanywi maji kwa mdomo. Mtazame kwenye sakafu iliyolowa: anajilaza, mapaja ameyatanua, tumbo limegandana na saruji. Anakunywa hivyo, kwa ngozi ya chini ya tumbo, na sehemu ya pumzi yake hupita kwenye ngozi hiyohiyo. Chumvi inamnyonya maji mwilini, inamuunguza, na ikizidi anakufa kwa mateso. Kama humtaki, msukumie kwenye kizoleo umpeleke bustanini, halafu zima taa. Wadudu wakiondoka, hana cha kumrudisha.

Wengine husema analilia mvua inyeshe. Ni kinyume: mvua ndiyo inayomliza. Wanaokoroma usiku ni madume, wanaita majike kwenye madimbwi. Jike hutaga maelfu ya mayai yaliyopangana kwenye nyuzi ndefu za utelezi, nayo huwa viluwiluwi. (Si vyura wote hutaga, lakini. Yule mdogo wa maporomoko ya Kihansi, Tanzania, huzaa watoto hai.)

Na yule aliyeingia hadi sebuleni hajatumwa na mtu. Amefuata kumbikumbi. Siku moja chuchumaa umtazame akila: ulimi unachomoka na kurudi mara moja, kisha anafumba macho, na macho yenyewe yanazama ndani ya kichwa kusaidia kusukuma chakula kooni.