Inhela za pumu na joto la dunia: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kopo dogo vile litaichafua dunia kwa lipi?"
Kwa gesi yake. Inhela ya kubonyeza hurusha dawa kwa gesi iliyoshindiliwa, mara nyingi HFA-134a, ambayo kilo yake moja hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi, ikipimwa kwa miaka 100. Kopo la mibonyezo 200 la salbutamol, dawa ya kutuliza pumu, laweza kupasha joto sawa na kilo 28 za kaboni dayoksaidi kwa baadhi ya chapa. Inhela ya unga haina gesi hiyo. Pumzi ya mgonjwa mwenyewe ndiyo inayobeba dawa.

"Gesi mbaya ziliondolewa zamani."
Zilizoondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 ni zile zilizokuwa zikila tabaka la ozoni. Zilizoshika nafasi yake haziidhuru ozoni, ila zinapasha joto. Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya mkataba huo ndiyo yanayozibana.

"Basi mwenye pumu anayejali mazingira ajinyime dawa."
Hili linanitia hofu kuliko yote. Pumu inaua, na kifua kikibana, inhela uliyoandikiwa itumike bila kusita. Tatizo liko kwingine. Anayemaliza makopo matatu au zaidi ya inhela ya kutuliza kwa mwaka, mara nyingi njia zake za hewa zimevimba na uvimbe haujatibiwa. Salbutamol hufungua njia kwa saa chache tu, uvimbe unabaki pale pale. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA haushauri mtu mzima au kijana kutibiwa kwa salbutamol peke yake, bila steroidi ya kuvuta, dawa inayotibu uvimbe. Uvimbe ukidhibitiwa, mashambulizi hupungua, na pamoja nayo makopo, safari za gari la wagonjwa na siku za kulazwa. Kwa maoni yangu hakuna hatua ya kulinda mazingira inayoizidi hiyo, na inaanzia kwa daktari anayeuliza kwa nini makopo yanaisha upesi.

"Wote wahamie inhela ya unga."
Hapana. Unga unahitaji mvuto wa nguvu na wa haraka. Watoto wadogo hawauwezi, na wapo watu wazima wasioumudu. Hao wabaki na ya kubonyeza pamoja na spesa, chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Anayebadilishiwa aonyeshwe namna ya kuvuta, kisha atazamwe akivuta.

"Kopo likiisha, litupe tu."
Dozi zikiisha, gesi huwa imebaki ndani. Lirudishwe kwenye duka la dawa linalopokea makopo. Lisitiwe motoni kamwe, hulipuka.

"Mzigo wote ni wa wagonjwa."
Hospitali zina wake, tena mkubwa. Desflureni, gesi ya usingizi, hupasha joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dayoksaidi, na zipo nyingine zinazofanya kazi hiyo hiyo kwa madhara madogo zaidi. Naitrasi oksaidi, gesi nyingine ya usingizi na ya kutuliza maumivu, nayo huvuja kwenye mabomba ya ukutani kabla haijamfikia mgonjwa yeyote. Mabomba hayo yanaweza kufungwa, na mtungi mdogo ukawekwa kando ya kitanda kwa anayeihitaji.