Je, wajua? Kwa nini sheria ya kukataza viko vya bangi inaweza kupatana na katiba

Kwa muda mrefu niliamini kwamba sheria inayokataza kuuza vifaa vya kutumia dawa za kulevya haiwezi kusimama mbele ya katiba, kwa sababu kifaa chenyewe hakina kosa. Kiko ambacho mzee wa hapa Dodoma hukijaza tumbaku kinaweza pia kujazwa bangi, na mizani ya sonara inaweza kupimia heroini; muuzaji atajuaje kwamba amevunja sheria? Nilikosea, na kosa langu lilikuwa kukitazama kifaa na kumsahau muuzaji.

Hoja hiyohiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mji mdogo wa Hoffman Estates, karibu na Chicago, ulikuwa umemtaka kila muuzaji wa vifaa vilivyobuniwa au kunadiwa kwa matumizi ya bangi na dawa haramu awe na leseni. Duka la The Flipside lilidai kwamba maneno hayo hayaeleweki. Mwaka 1982 lilishindwa.

Fikiria mashamba mawili ya zabibu yanayopakana, ambayo mawe ya mpaka wake yamesogeasogea. Aliyesimama hatua moja kutoka kwenye mawe ana haki ya kuuliza yuko upande gani, lakini anayechuma zabibu katikati ya shamba la jirani hawezi kujitetea kwa utata wa mpaka asioukaribia. The Flipside lilipanga viko karibu na majarida na vitabu vya bangi, na kwa mpangilio huo lenyewe lilionyesha linakiuza kifaa kwa kazi gani. Anayepinga sheria ya biashara kabla haijatumika dhidi yake hana budi kuonyesha kwamba haieleweki popote pale, si pembezoni tu. Hata hivyo, mahakama ilikiri kwamba hatari ya polisi kuitumia kwa upendeleo si ndogo, ikaacha suala hilo lisubiri ushahidi wa matukio halisi.

Uamuzi huo haufungi mahakama zetu. Kwetu, ibara ya 30(5) ya Katiba ya 1977 inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kuibatilisha sheria yenye kasoro, kuipa Serikali fursa ya kuirekebisha, hivyo neno lenye utata linaweza kurudi bungeni, hapahapa Dodoma, likaandikwe upya.