Kima cha chini si lazima kiwe mshahara wa kujikimu

Wengi hudhani kwamba mfanyakazi anayelipwa kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria tayari anapata kiasi kinachomtosha kuishi. Sivyo. Kima hicho hupangwa kisiasa, mara nyingi baada ya mvutano na waajiri, na kinaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa: nchini Marekani, kile cha serikali kuu kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, ilhali kodi za nyumba na bei za vyakula zimezidi kupanda. Mshahara wa kujikimu huhesabiwa kwa kuanzia na gharama zenyewe za chakula, makazi, nauli, matibabu na malezi ya watoto.

Pengo hilo ndilo lililozaa vuguvugu la kudai mshahara wa kujikimu huko Baltimore, jiji la Marekani, ambako viongozi wa makanisa walibaini kwamba baadhi ya waliopanga foleni ya chakula cha msaada walikuwa na ajira. Mwaka 1994 jiji hilo lilipitisha sheria ya kuwalazimu wakandarasi wake kulipa kuanzia dola 6.10 kwa saa, wakati kima cha taifa kilikuwa dola 4.25. Wafanyakazi wa kampuni zisizo na mkataba na jiji, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuguswa.