Sebule inachoma, chumba cha mwisho baridi: dhana potofu kuhusu rejeta za nyumbani

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto na rejeta za ukutani, zinazoletewa maji ya moto kutoka kwenye boila, yaani mtambo wa kupashia maji moto, kwa nguvu ya pampu. Baridi ikiingia, lalamiko ni lilelile: rejeta ya sebuleni haigusiki, ya chumba cha mwisho ni vuguvugu.

Dhana: Rejeta isiyopata moto ina hewa.
Iguse kwanza. Ikiwa baridi juu na moto chini, ndiyo hewa: itoe, kisha utazame geji ya shinikizo la maji kwenye boila. Mfumo uliofungwa, ukiwa umepoa, husoma takriban bar 1 hadi 1.5. Ikiwa baridi chini katikati, ni matope meusi ya kutu, na dawa yake ni kusafisha. Ikiwa vuguvugu yote huku jirani zake zinachoma, inapata maji kidogo. Hapo kutoa hewa hakusaidii kitu.

Dhana: Vali za thamostati, zile zenye namba kwenye rejeta, zinagawa joto sawasawa.
Kazi yake ni kupunguza maji chumba kikishapata joto. Alfajiri, nyumba ikiwa imepoa, zote ziko wazi, na maji hufuata njia nyepesi: rejeta zilizo karibu na pampu.

Dhana: Ongeza kasi ya pampu.
Utaongeza kelele kwenye mabomba. Mgawo wa maji kati ya rejeta utabaki ulivyo.

Dhana: Inatosha kuzungusha kidogo vali za rejeta zinazochoma.
Vali ya kugawia maji ni ile ya upande wa pili wa rejeta, mkabala na ya thamostati, chini ya kifuniko cha plastiki, na huzungushwa kwa spana ndogo. Kabla ya kuirekebisha, ifunge ukihesabu mizunguko na uandike, ili uweze kurudi ulipoanzia.

Ili kusawazisha maji, zima mfumo, uache upoe. Fungua kabisa vali zote, na thamostati uziweke namba ya juu. Washa, andika rejeta zinavyopata moto moja baada ya nyingine. Anza na iliyotangulia kupata moto: funga vali yake ya kugawia maji, kisha ifungue robo mzunguko. Subiri dakika kumi hivi, upime joto la bomba la kuingiza na la kutoa maji. Kwa boila za zamani, lenga tofauti ya nyuzi 11 hivi za Selsiasi. Boila za kisasa zinazovuna joto la mvuke wa moshi hupangiwa hata nyuzi 20, kwa sababu maji yanayorudi yakizidi nyuzi 55 hivi, mvuke haugeuki maji na joto hilo hupotelea nje. Tofauti ikizidi, fungua kidogo, ikipungua, funga. Kadiri unavyosonga mbele vali hufunguliwa zaidi, na ya mwisho mara nyingi hubaki wazi kabisa. Kisha rudia ya kwanza, maana kila unayoibana husukuma maji kwa wenzake.

Kipimajoto cha miale, kinachopima bila kugusa, hudanganywa na shaba inayong'aa. Bandika utepe mweusi wa umeme kwenye bomba, upime juu yake.