Umeme ukikatika: maswali kuhusu mshumaa ndani ya chumba

Tumepanga chumba kimoja na kitanda kina chandarua. Mshumaa niuweke wapi?
Popote, ila si karibu na kitanda. Vyandarua vingi ni vya poliesta au nyuzi za plastiki. Vikishika moto huyeyuka, vikamdondokea aliyelala na kumganda kwenye ngozi. Acha walau sentimita 30 kati ya mwali na pazia, madaftari au nguo zilizotundikwa. Angalia na juu, kwa sababu joto hupanda: rafu iliyo juu ya mshumaa nayo huungua. Ukiingia ndani ya chandarua, mshumaa uwe umeshazimwa.

Naugandisha juu ya kifuniko cha ndoo. Kuna ubaya?
Upo. Mshumaa ukiisha, mwali unafika kwenye plastiki. Chukua sufuria kuukuu au kopo pana la bati, tia mchanga, usimike mshumaa katikati. Chupa hupinduka kwa kuguswa tu.

Mwanangu anaogopa giza. Nimwachie uwake mpaka asinzie?
Mara nyingi anayesinzia kwanza ni mzazi. Tena moshi haumwamshi mtu kama wengi wanavyodhani. Una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza aliyelala hata asiamke kabisa. Mnunulie taa ndogo ya sola.

Dera likishika moto je?
Usikimbie, upepo unauchochea. Lala chini, funika uso kwa mikono, ujiviringishe mpaka moto uzime.

Nikiungua nipake nini?
Usipake kitu: si dawa ya meno, si yai, si mafuta. Mwagia jeraha maji safi ya baridi, yasiyo na barafu, kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla hujavimba, lakini nguo iliyoganda usiibandue. Kisha funika kwa kitambaa safi. Kama aliyeungua ni mtoto, au jeraha liko usoni, mikononi au sehemu za siri, au linazidi kiganja chake, mpeleke kituo cha afya.

Moto ukinishinda?
Toa watu, vuta mlango nyuma yako, piga simu zimamoto: 114 kwa Tanzania, 999 au 112 kwa Kenya. Usirudi kufuata simu wala vyeti. Madirisha yetu mengi yana nondo, kwa hiyo njia ni mlango tu. Ukifunga kwa kufuli usiku, ufunguo ukae pale ambapo hata mtoto ataupapasa gizani na kuupata.