Uzito wa Flaiwili Si Ugumu wa Mazoezi: Dhana Potofu Kuhusu Mashine za Eliptiko

Mteja mmoja aliniita hivi karibuni akitaka nimtolee flaiwili (gurudumu zito la ndani linalozungushwa na pedali) ya mashine yake ya eliptiko, ile ya mazoezi ya kukanyaga ukiwa umesimama, na kumwekea nzito zaidi, kwa maelezo kwamba hata akipandisha ugumu hadi ngazi ya 16 anajiona kama anakanyaga hewa. Nilipofungua kifuniko cha pembeni nilikuta waya unaovuta sumaku umechomoka kwenye ndoano yake. Niliurudisha, nikakaza nati ya kurekebishia, nikamwomba apande tena. Baada ya dakika mbili alikuwa anahema. Flaiwili ilikuwa ile ile.

Sikumlaumu sana, maana karibu kila anayenunua mashine hizi huanza kwa kuuliza flaiwili ina kilo ngapi, na wauzaji wamezoea kumjibu kana kwamba kilo hizo ndizo mzigo atakaousukuma. Sivyo. Flaiwili haipingi mwendo, bali inautunza. Unapoanza kukanyaga unailipa nishati ya kuifikisha kwenye kasi, na hapo ndipo uzito wake unaposikika. Ikishafika, na wewe ukiendelea kwa mwendo ule ule, haikudai chochote zaidi ya msuguano mdogo wa beringi na mkanda. Asiyeamini ashushe ugumu hadi ngazi ya chini kabisa, akanyage kwa kasi ya kawaida, kisha aache kusukuma. Pedali zitaendelea kumbeba kwa mizunguko kadhaa. Kitu kinachokubeba hakiwezi kuwa ndicho kinachokuzuia.

Kazi yake halisi ni kuvusha pedali mahali zinapokwama. Mikono miwili ya kranki, yaani ile inayogeuza msukumo wa pedali kuwa mzunguko, imepishana kwa nyuzi 180, kwa hiyo katika kila mzunguko kuna nafasi mbili ambapo mguu wa kulia na wa kushoto, kwa wakati mmoja, vinakuwa kwenye mstari mbaya: ukisukuma, nguvu inaishia kwenye ekseli bila kuizungusha. Bila flaiwili ungesikia mashine ikisita na kuruka, ikisita na kuruka. Nishati iliyotunzwa ndiyo inayopita mahali hapo kwa niaba yako, nawe ukadhani mwendo ni laini wenyewe.

Na hata kwa kazi hiyo, kilo peke yake hazisemi mengi. Chukua flaiwili mbili zenye kipenyo na umbo sawa. Ya kwanza ina kilo 8 na huzunguka mara 10 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Ya pili ina kilo 14 lakini huzunguka mara 5 tu. Kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa kasi, ya kwanza tunaihesabu 8 mara 100, yaani 800, na ya pili 14 mara 25, yaani 350. Ile nyepesi inatunza nishati zaidi ya mara mbili ya nzito. Umbo nalo lina neno lake: metali iliyopangwa ukingoni kama pete hutunza takriban mara mbili ya sahani iliyojaa yenye uzito na kipenyo hicho hicho. Kwa hiyo anayekutajia kilo bila kukutajia uwiano wa puli (yaani flaiwili huzunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali) na kipenyo amekupa theluthi moja ya jibu.

Ugumu unatoka kwenye sumaku. Pembeni mwa flaiwili, ambayo kwa kawaida huwa na utepe wa alumini au shaba ukingoni, kuna mkono wenye sumaku ambao mota ndogo huusogeza karibu au mbali kwa waya. Metali inapopita mbele ya sumaku, mikondo ya umeme huzaliwa ndani yake na kutengeneza usumaku unaopinga mwendo huo huo ulioizalisha. Pengo likipungua kwa milimita chache tu, mguu unajua. Hakuna kinachogusana, na ndiyo maana wanaoniomba nibadilishe "sumaku zilizolika" huwa nawaonyesha bushi (pete za ndani ya viungio) na vigurudumu vya reli, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyolika. Breki ya namna hii pia hutegemea kasi: katika ngazi ile ile, anayekanyaga upesi hukutana na upinzani mkubwa kuliko anayejikokota.

Yapo mengine ambayo nitayapitia haraka. Wengi huamini kwamba mguu huchora duaradufu (elipsi) kamili kwa sababu jina la mashine linasema hivyo. Katika muundo wa kawaida, ncha moja ya upau wa pedali imefungwa kwenye kranki na huchora duara, na ncha ya pili ina kigurudumu kinachokwenda na kurudi juu ya reli, hivyo huchora mstari. Funga kalamu kwenye upau, shikilia kadibodi pembeni, na utapata umbo linaloelekea yai, ambalo hulala zaidi kadiri kalamu inavyosogea upande wa reli. Urefu wake kwa mlalo ni mara mbili ya mkono wa kranki, kwa hiyo mkono wa sentimita 25 hutoa hatua ya sentimita 50, na hakuna kitufe kitakachoibadilisha hatua hiyo. Kuinua reli nako hakuongezi breki. Kunageuza mwelekeo wa umbo lile, na misuli inayofanya kazi hubadilika pamoja nalo.

Mikono ya kushika haina breki yake. Imeunganishwa na pedali zile zile, na ukilegeza vidole itakupeleka na kukurudisha bure kabisa.

Kuhusu kelele, tafadhali sikiliza kabla ya kupiga simu. Kelele inayotokea mara moja kwa kila mzunguko wa pedali iko kwenye kranki, upau au reli, na mara nyingi ni bolti iliyolegea. Inayokwenda kasi kuliko miguu yako iko upande wa flaiwili. Reli ifutwe kwa kitambaa kikavu. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu ndani ya kifuniko hata ukishauriwa na nani, kwa sababu yakifika kwenye mkanda, mkanda huo utateleza, nawe utarudi kunilaumu kwamba ugumu umepotea.

Mwisho ni skrini, ambayo watu huiamini kuliko miguu yao. Mashine nyingi hazina kifaa cha kupima nguvu unayosukuma. Wati na kalori hukokotolewa kutokana na kasi ya mzunguko na namba ya ngazi uliyochagua. Mteja wangu alikuwa amekanyaga siku kadhaa huku waya ukining'inia na sumaku zikiwa zimelala mbali na flaiwili, na skrini ilikuwa imemwandikia, kila siku, kalori za ngazi ya 16.