Chumvi Isilale Kwenye Kibakuli cha Fedha

Wiki iliyopita mama mmoja wa Upanga aliniletea hapa Kisutu kibakuli cha chumvi cha fedha, amekifunga kwenye khanga. Ni cha marehemu bibi yake. Kimekaa kabatini miaka mingi, na chumvi ndani yake. Nilipoibandua ile chumvi iliyoganda nikakuta madoa meusi na vishimo vidogo kama makovu ya ndui. Akaniuliza, "Fundi, ukikisugua si kitatakata?" Nikamwambia ukweli: weusi utatoka, vishimo havitatoka.

Weusi wa kawaida unaletwa na salfa iliyomo hewani, nao unakaa juujuu. Chumvi inachimba. Joto na unyevu wa pwani yetu vinaifanya ivute maji, na majimaji hayo yana kloridi inayoila fedha pamoja na shaba iliyochanganywa nayo. Fedha ya kiwango cha sterling ina sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Zilizobaki kwa kawaida ni shaba.

Mafundi wa Uingereza walilijua hilo zamani. Ndiyo maana vibakuli vyao vingi vilipakwa dhahabu kwa ndani, au vikawekewa kikombe cha kioo cha buluu. Wengi hudhani kioo kile ni urembo. Urembo upo, kwa sababu ubavu wa fedha ulitobolewa nakshi ili ile buluu ionekane, lakini kazi yake ya kwanza ni kinga. Ukikuta kibakuli cha chumvi chenye matobo ubavuni na hakina kioo, huenda kioo kilivunjika au kilipotea. Vikopo vya haradali ni hivyohivyo, maana haradali ina siki na salfa. Utavitambua kwa kifuniko chenye pengo dogo la kupitisha mpini wa kijiko.

Sasa geuza chombo utazame mihuri ya Uingereza iliyogongwa kwenye fedha. Simba anayetembea, mguu wa mbele ameuinua, ni sterling. Nanga maana yake fedha ilipimwa Birmingham, kichwa cha chui ni London. Kichwa cha mfalme au malkia ni alama ya ushuru, iliyopigwa kuanzia 1784 hadi 1890. Kibakuli cha huyu mama kina nanga na kichwa cha Malkia Victoria, kwa hiyo hakiwezi kuwa cha baada ya 1890. Ukiona herufi EPNS, hicho ni cha kuchovya, yaani madini mengine yaliyopakwa fedha juu. Ukikisugua sana, fedha inaisha na madini ya chini yanatokeza.

Naomba sana, msitumie mchanga, majivu wala dawa ya meno. Nilipokuwa najifunza kazi nilimsugua simba wa mteja mpaka akafutika, na hakuna namna ya kumrudisha. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba vinatosha.

Yule mama nimempimia kioo. Hadi kipatikane, chumvi ataitia wakati wa kula tu. Wakishanawa ataimwaga, akioshe kibakuli na kukikausha papo hapo, kabla hata ya masufuria.